Nanoteknolojia kutoka maabara ya chuo hadi sokoni: dhana potofu na ukweli wake

Katika maktaba za vyuo vikuu vyenye vitivo vya sayansi na uhandisi kuna tasnifu nyingi zinazohitimishwa kwa ahadi kwamba nyenzo iliyotengenezwa maabarani itasafisha maji, itatibu saratani au itahifadhi umeme kwa bei nafuu. Matokeo ya nyingi kati ya tasnifu hizo ni sahihi kabisa, na bado nyenzo zenyewe hazitafika dukani. Lawama kwa kawaida huangukia ufinyu wa bajeti. Fedha ni tatizo la kweli, lakini zipo pia imani zinazowapotosha watafiti, wakuu wa vyuo na serikali kabla hata suala la fedha halijafikiwa.

Dhana: Nanoteknolojia bado ni sayansi ya kesho

Mtu aliyewahi kuchomwa kidole kwenye zahanati ili apimwe malaria kwa kipimo cha haraka amekwisha kuitumia. Mstari mwekundu unaojitokeza kwenye kipimo hicho kwa kawaida hutokana na chembe za dhahabu zenye kipenyo cha makumi ya nanomita, zilizofungamanishwa na kingamwili zinazonasa protini ya vimelea. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita, na dhahabu iliyogawanywa kwa udogo huo huacha rangi yake ya njano na kuonekana nyekundu. Zahanati hukinunua kipimo hicho kwa sababu hutoa jibu chini ya nusu saa bila kuhitaji hadubini. Neno nano halimo katika mazungumzo ya mnunuzi na muuzaji. Jambo hilo linafaa kukumbukwa katika yote yanayofuata.

Dhana: Kikifanya kazi maabarani, kilichobaki ni kujenga kiwanda

Kwa maoni yangu hii ndiyo dhana iliyoangusha miradi mingi kuliko nyingine zote, kwa hiyo inastahili nafasi kubwa.

Sifa za nyenzo nyingi za nano hutegemea ukubwa wa chembe zake. Mfano ulio wazi ni nukta za kwantamu, yaani chembe ndogo mno za nusukipitishi (nyenzo inayopitisha umeme kwa kiasi tu) zinazotoa mwanga. Zikitengenezwa kwa kadimiamu selenaidi, zile zenye kipenyo cha nanomita 2 hivi hung'aa kuelekea buluu, na zile za nanomita 6 hivi hung'aa nyekundu, ingawa kemikali ni ileile. Kwa hiyo mtengenezaji ambaye chembe zake zimetofautiana kidogo tu kwa ukubwa huwa ametengeneza rangi tofauti, na mteja wa kioo cha televisheni hatazipokea.

Mwaka 1993 kundi la Moungi Bawendi katika chuo cha MIT, Marekani, lilionyesha namna ya kupata chembe zinazolingana: kemikali hudungwa kwa ghafla ndani ya kiyeyushi chenye moto mkali, mbegu za chembe huzaliwa zote kwa mara moja, kisha joto hudhibitiwa ili zikue kwa pamoja. Katika chupa ndogo njia hiyo ni rahisi. Apikaye pilau ya watu sita, hata hivyo, hawezi kuzidisha kila kitu mara mia na kutegemea sufuria ya harusi imtendee vilevile. Chombo kikiongezwa mara 10 kwa urefu, upana na kina, ujazo wake huongezeka mara 1,000, lakini eneo la kuta zake huongezeka mara 100 tu. Kila lita hubaki na sehemu moja ya kumi ya ukuta uliokuwa ukiipitishia joto, na kemikali iliyodungwa huchelewa kuenea. Mbegu za chembe hazizaliwi tena kwa wakati mmoja, na ule ulinganifu ambao ndio bidhaa yenyewe hupotea.

Kati ya makala ya 1993 na televisheni za Sony za 2013, zilizotumia nukta za kwantamu za kampuni ya QD Vision iliyochipuka kutoka MIT, ilipita miaka 20. Katika miaka yake ya kabla ya hapo kampuni hiyo ilikuwa imejaribu matumizi mengine, yakiwamo balbu. Mwaka 2016 mali zake zilinunuliwa na Samsung. Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov ilikuja mwaka 2023, wakati bidhaa ikiwa imekwisha kukaa sebuleni kwa watu kwa miaka kumi.

Wakati mwingine jibu la tatizo la ukubwa ni kukataa kukuza chombo. Chembe za mafuta zinazobeba mRNA, yaani maelekezo ya kijenetiki, katika chanjo za UVIKO-19 huundwa vijito viwili vya kimiminika vinapogongana ndani ya kichanganyio chembamba. Pfizer ilipohitaji mamia ya mamilioni ya dozi haikujenga kichanganyio kikubwa. Ilipanga vidogo vingi vikifanya kazi sambamba, kila kimoja katika hali ileile iliyokwisha kuthibitishwa. Teknolojia hiyo ya chembe za mafuta ilikuwa na historia ndefu katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, kwa Pieter Cullis na wenzake, na ilikuwa imepita mlango wa wadhibiti mwaka 2018 kupitia dawa ya Onpattro. Wanaodhani kwamba ilizaliwa ndani ya mwaka mmoja wa janga wanahesabu mwaka wa mwisho peke yake.

Upo pia mfano unaouma zaidi. A123 Systems ilianzishwa mwaka 2001 kutokana na kazi ya Yet-Ming Chiang wa MIT, ikitengeneza betri za lithiamu zenye fosfeti ya chuma iliyosagwa hadi kiwango cha nano, ili ayoni za lithiamu ziwe na safari fupi na betri ichajiwe upesi. Kampuni iliuza hisa kwa umma mwaka 2009 na serikali ya Marekani ikaiahidi ruzuku ya dola milioni 249. Mwaka 2012 ilibainika kwamba mashine moja ya kuchomelea katika kiwanda chake cha Michigan haikuwa imerekebishwa sawasawa, na kubadilisha betri zilizoathirika kulikadiriwa kugharimu dola milioni 55. Kampuni ilikuwa tayari ikipoteza fedha, na wateja wa magari ya umeme walikuwa wachache. Oktoba mwaka huohuo iliomba ulinzi wa mufilisi, na sehemu kubwa ya mali zake ikachukuliwa na Wanxiang ya China. Sayansi ya nano haikuwa na kasoro. Iliyoiumiza ni mashine ya kawaida ya kuchomelea, ambayo hakuna mtafiti anayeiandikia makala.

Dhana: Aliyegundua ndiye atakayevuna

Grafini, karatasi ya kaboni yenye unene wa atomi moja, ilitengwa na kuelezwa mwaka 2004 na Andre Geim na Konstantin Novoselov katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kazi iliyowapatia Nobel mwaka 2010. Serikali ya nchi hiyo ilijenga taasisi ya taifa ya grafini mjini humo, na Umoja wa Ulaya ukatenga mpango wa miaka kumi wa yuro bilioni moja ulioanza mwaka 2013. Hata hivyo, maombi ya hataza (hati inayompa mvumbuzi haki ya pekee juu ya uvumbuzi wake) yaliyofuata yalitoka kwa wingi zaidi China, Marekani na Korea Kusini.

Na bidhaa zenyewe hazikufanana na zile zilizotabiriwa. Magazeti yaliahidi kompyuta zitakazoachana na silikoni; mwaka 2018 Ford ilitangaza kuanza kutumia kiasi kidogo cha grafini ndani ya sponji za kupunguza kelele na kustahimili joto chini ya boneti. Sioni aibu yoyote katika hilo. Soko la kwanza la nyenzo mpya mara nyingi huwa mahali ambapo gramu chache zinaboresha kitu kinachouzwa tayari, bila kumlazimu mteja kubadilisha kiwanda chake.

Hata kampuni kubwa yenye kiwanda haina uhakika. Bayer ya Ujerumani ilifungua mwaka 2010 mjini Leverkusen kiwanda cha mirija nano ya kaboni chenye uwezo wa tani 200 kwa mwaka, na mwaka 2013 ikatangaza kujiondoa kwa sababu matumizi yaliyopatikana yalikuwa ya vipande vipande na mbali na biashara yake kuu. Leo mirija hiyo huwekwa ndani ya betri za magari ya umeme ili kupitisha umeme vizuri zaidi. Mteja alikuja, lakini Bayer ilikuwa imekwisha kuondoka.

Dhana: Chapisha kwanza, hataza itafuata

Mtafiti hupandishwa cheo kwa makala, na kwa hiyo huharakisha kuchapisha. Katika nchi za Ulaya uvumbuzi uliokwisha kuwekwa hadharani na mvumbuzi mwenyewe, iwe katika jarida, bango la kongamano au tasnifu iliyowekwa mtandaoni, kwa kawaida huhesabiwa kuwa si mpya tena na hauwezi kupewa hataza. Marekani hutoa nafasi ya mwaka mmoja, jambo linalowafanya wengi wadhani kwamba nafasi hiyo ipo kila mahali.

Wenye kutaka kuona tofauti inayoletwa na mpangilio wa hatua hizo mbili waangalie ugunduzi wa mwaka 1988 kuhusu tabaka za metali zenye unene wa nanomita chache, ambazo ukinzani wake wa umeme hubadilika sana zikiwekwa kwenye uga wa sumaku. Albert Fert nchini Ufaransa na Peter Grünberg katika kituo cha utafiti cha Jülich, Ujerumani, waliufikia kila mmoja kwa njia yake, na waligawana Nobel ya Fizikia mwaka 2007. Upande wa Jülich ulipeleka maombi ya hataza kabla makala haijatoka, na kituo kikapata mapato ya leseni baada ya IBM kuanza kuuza diski kuu zenye vichwa vya kusomea vya aina hiyo mwaka 1997. Kuwahisha maombi hakukuwazuia kuchapisha.

Hataza nayo ina mipaka yake. Hudumu miaka 20 tangu siku ya maombi, hulinda ndani ya nchi zilizoitoa tu, na ada zake hulipwa kwa miaka mingi kabla bidhaa haijaingiza chochote. Chuo kisichojua ni nani atakayeinunua leseni kinaweza kujikuta kikilipia karatasi.

Dhana: Ofisi ya uhaulishaji teknolojia itakitajirisha chuo

Sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980 iliviruhusu vyuo vya Marekani kumiliki uvumbuzi uliotokana na fedha za serikali kuu, na nchi nyingi zimeiiga. Chuo cha Stanford, kilichopata dola milioni 336 kwa kuuza hisa zake za Google, hutajwa kila mara kama ushahidi. Vyuo vya namna hiyo ni vichache mno. Ofisi nyingi za aina hii, hata Marekani kwenyewe, hazirudishi gharama za kuziendesha. Sababu halali ya kuwa nazo ni kwamba bila hizo mfanyabiashara anayetaka kutumia matokeo ya chuo hajui agonge mlango wa nani.

Dhana: Nano ni sumu, na dhana pacha yake, nano ni salama kwa kuwa kemikali inajulikana

Zote mbili hukosea kwa namna moja, kwa kuchukulia vitu vingi kama kitu kimoja. Tangu mwaka 2020 kanuni za kemikali za Umoja wa Ulaya zinadai taarifa mahususi za umbo la nano, hata pale kemikali yenyewe ilipokwisha kusajiliwa. Kwa mtafiti, jambo hili hugusa uchaguzi wa malighafi mapema. Kadimiamu, ambayo ni metali yenye sumu, imewekewa mipaka mikali katika vifaa vya umeme barani Ulaya, na hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya watengenezaji wa televisheni wahamie kwenye nukta za indiamu fosfaidi, zisizo na kadimiamu. Aliyetumia miaka kumi kukamilisha kadimiamu bila kusoma kanuni alilazimika kuanza upya.

Dhana: Haya ni ya nchi zenye mabilioni

Dk. Askwar Hilonga alisomea nanoteknolojia hadi shahada ya uzamivu Korea Kusini, kisha akarudi kufundisha katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha. Kichujio chake cha maji huunganisha mchanga, ambao huzuia takataka na vijidudu, na nyenzo za nano zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya eneo husika. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, itolewayo na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, yenye thamani ya pauni 25,000, na amekuwa akikiuza kupitia kampuni yake ya Gongali Model.

Alichokuwa nacho ambacho maabara tajiri hazikuwa nacho ni tatizo lililoko mlangoni. Maji ya maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru yana floridi inayozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na wakazi huijua kwa madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto wao. Kuchemsha hakuiondoi. Njia ya kuiondoa kwa mkaa wa mifupa ilikuwa ikifanyiwa kazi katika kituo cha Ngurdoto, kwa hiyo kichujio kipya hakikukuta uwanja mtupu. Kilipaswa kushindana kwa bei, kwa urahisi na kwa kukubalika.

Njia yake ya kuwakodisha vichujio wajasiriamali ili wauze maji safi kwa majirani, sambamba na kuwauzia wenye nyumba, inagusa ugumu ambao maabara haiuoni. Nyenzo inayofyonza floridi hatimaye hujaa, na maji yanayopita kwenye kichujio kilichojaa hayabadiliki rangi. Kaya moja haitapima. Mwenye kituo anayehudumia nyumba nyingi anaweza kuwekewa ratiba, akatembelewa na fundi mwenye kipima floridi, na akabadilishiwa nyenzo kwa wakati, gharama hiyo ikiwa imeingizwa tayari katika bei ya ndoo.