Limpeti mmoja, gamba sura mbili: maana yake nini?

Limpeti ni konokono wa baharini, ila gamba lake halijajisokota, limekaa kama kawa la kufunikia chakula, na chini kuna mguu mmoja mpana unaong'ang'ania mwamba, kumbandua mpaka kisu. Yupo wa Mediterania ya magharibi, Patella ferruginea, mkubwa kabisa anafika karibu sm 10, na yuko hatarini kutoweka.

Sasa huyu ana sura mbili, zinaitwa Rouxi na Lamarcki. Rouxi ni mrefu kwenda juu, kachongoka, mistari myembamba mingi, ukingo umelainika. Lamarcki ni bapa, matuta manene, ukingo una meno meno kama nyota. Waweke pamoja utaapa si ndugu, lakini ni spishi moja. Ukitaka kipimo, chukua kimo ugawanye kwa urefu wa gamba: la sm 6 lenye kimo cha sm 3 linatoa 0.5, lenye kimo cha sm 2 linatoa 0.33, ndo ubapa wenyewe huo.

Mbona watofautiane? Maelezo yanayotolewa sana kwa limpeti kwa ujumla ni haya: maji yakipwa anabaki juani masaa, basi anabana gamba kwenye mwamba asikauke, na kule kubana kunavuta ndani ile nyama inayojenga gamba, kwa hiyo gamba linapanda juu badala ya kutanuka. Na hapo kapata faida, maji ya akiba ndani mengi, ukingo wa kuvujia mdogo. Anayeloweshwa na mawimbi muda wote hana haja ya kubana hivyo, anatanuka tu. Tena (hii mimi naipenda) akitoka kula mwani anarudi palepale, ukingo umeota ukifuata mabonde ya mwamba wake.

Kilichommaliza ni watu, kwa chakula na chambo. Anaanza dume, akikua anageuka jike, na mchukuaji anachagua wakubwa, yaani anabeba mama watupu. Umoja wa Ulaya unamlinda kisheria tangu 1992, na waliobaki wengi wako upande wa Afrika, Ceuta, Melilla, visiwa vya Chafarinas (maeneo ya Uhispania kwenye pwani ya Afrika Kaskazini), na pwani ya Algeria. Kwa hiyo ukikuta mahali wamehesabiwa Rouxi kivyake na Lamarcki kivyake, jumlisha, ni hao hao.