Mbuzi ya nazi ina mistari mingapi? Dhana potofu kuhusu kurahisisha mchoro

Kwa miaka kadhaa nilichora sura za watu kwa oda. Mtu ananitumia picha kwa simu, nami nainakili kwa penseli, unywele mmoja mmoja, mpaka kope. Oda moja ilinila siku nne. Mwenyewe alipokuja kuichukua aliiweka simu kando ya karatasi, akatazama huku na huku kama anayekagua noti bandia, kisha akasema, "Pua haijakaa vizuri." Nikarekebisha pua, nikapokea hela yangu, nikazifungia penseli kwenye droo. Zilikaa humo karibu miaka miwili.

Kilichozitoa ni mbuzi ya kukunia nazi, na nitaifikia. Kwanza niseme kuhusu maneno niliyokuwa nayaamini, ambayo bado nayasikia kila ninapokaa na wachoraji.

Dhana: Anayechora kwa mistari michache hajui kuchora

Desemba 1945, katika karakana ya uchapaji ya Mourlot mjini Paris, mchoraji Picasso alianza kumchora fahali kwa litografia, yaani kuchora juu ya jiwe kisha kuchapa. Aliendelea kumbadilisha fahali huyohuyo hadi Januari 1946, na kila hatua ikachapwa. Zipo hatua 11.

Fahali wa kwanza ni fahali wa kawaida, wa kuonekana malishoni. Anayemfuata hajapungua, ameongezeka: mzito, ngozi nene, kivuli juu ya kivuli. Baada ya hapo ndipo Picasso anaanza kumkata kama mwenye bucha, bega huku, paja kule. Kisha anaondoa. Wa 11 ni mistari michache tu na kichwa kidogo mno chenye pembe, lakini huwezi kumdhania ng'ombe jike. Picasso hakusahau kuonyesha hilo.

Watu hutumiana huyo wa mwisho na kucheka: "Hata mwanangu anaweza." Hawamwoni wa pili, aliyenenepa. Mchoraji alipaswa kuujua uzito wa mnyama kabla ya kuuondoa.

Dhana: Kurahisisha ni kuchora kilichomo kichwani

Hapa ndipo nilipokuwa nimekwama. Nilidhani nikiacha kunakili picha, basi nitachora ninavyojua tu. Siku moja nilikuwa jikoni kwa shangazi yangu, nazi imeshakunwa, mbuzi iko sakafuni. Nikachukua biki na karatasi ya nyuma ya daftari la hesabu zake za duka, nikachora haraka bila kutazama sana: kigoda cha miguu minne, na ulimi wa chuma umetokeza mbele.

Mbuzi ya shangazi haina miguu minne. Ni mbao mbili zilizopishana, zinazokunjwa kwa pini katikati. Nimeikalia tangu utotoni, na mkono wangu haukuijua. Kichwani sikuwa na ile mbuzi, nilikuwa na alama ya mbuzi, kama vile wengi wetu tulivyo na alama ya jicho (umbo la kungu na kiduara ndani) tunayoibandika kwenye uso wa kila mtu.

Nikakaa chini nikaitazama upya. Ukifumba macho nusu, vitu vidogo vinajificha: nyuzi za mbao, mikwaruzo, makombo ya nazi. Yanabaki madoa mawili ya giza yaliyopishana na, chini yake, pembetatu ya mwanga wa sakafu. Nikaanza na hiyo pembetatu. Ajabu yake ni kwamba ukichora uwazi kwa usahihi, mbao zinajileta zenyewe. Kwa ubavu, mbuzi yote ni herufi X iliyochoka na kuanza kulala.

Ulimi wa chuma ulinipa kazi zaidi. Meno yake ni mengi, nami nilizoea kuhesabu kila kitu. Nikachora matatu tu, yale yaliyopigwa na mwanga wa mlangoni. Lakini mpindo wake sikuuacha, kwa sababu ulimi ule uliwahi kuangukiwa na mtungi wa gesi na tangu hapo unaelekea kushoto.

Mistari tisa. Shangazi alipita na sufuria, akachungulia. "Hii si yangu hii? Tazama ulimi ulivyopinda."

Hakuniuliza mikwaruzo iko wapi. Kwa siku nne nzima nilikuwa nimemchorea yule mteja vitu vyote sawasawa, pua na kope na kitufe cha shati, kila kimoja kikipiga kelele kama mwenzake. Ukirahisisha inabidi uamue kipi ndicho kitu chenyewe, na huwezi kuamua bila kutazama zaidi kuliko anayenakili.

Dhana: Sanaa yetu ni ya kujaza ubao

Ukipita kwenye maduka ya vinyago Dar es Salaam au Zanzibar utaona picha za Tingatinga zilizosheheni: twiga, pundamilia, ndege, mlima, kijiji, vyote pamoja. Mtu anaweza kudhani ndivyo mtindo ulivyozaliwa. Edward Saidi Tingatinga, mwenyeji wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 bila kupita shule yoyote ya sanaa, kwa rangi za mafuta za dukani kwenye vipande vya ubao. Nyingi ya picha zake zina mnyama mmoja tu, kwenye mandhari ya rangi moja iliyotulia. Chui, au ndege, basi. Alifariki mwaka 1972, kwa hiyo yote hayo aliyafanya ndani ya miaka michache. Msongamano uliongezeka baadaye, mikononi mwa waliomfuata. Siwalaumu, wateja nao wana yao, lakini yule chui wa peke yake hunikaa akilini kuliko kijiji kizima.

Dhana: Miduara na miraba ni ya chekechea

Mwaka 1812 mchoraji Hokusai wa Japani, akiwa ameshapita miaka 50, alitoa kitabu cha kufundishia kinachoonyesha jinsi ya kujenga wanyama na watu kwa bikari na rula. Tuendelee.

Dhana: Bila vifaa vizuri huna raha

Biki ilinifaa kuliko penseli zangu za bei, kwa sababu haifutiki. Nikiwa na raba mkononi nusu ya muda naomba radhi kwa karatasi. Kwa biki mstari ukienda kombo unabaki hapohapo, unachora mwingine kando yake, na wakati mwingine ule wa kombo ndio wenye uhai.

Dhana: Basi kila kitu kirahisishwe

Hapana. Mchoro wa mmea wa kuwasaidia watu kutambua dawa na sumu unahitaji kila mshipa wa jani. Na sura za oda bado nachora, kodi ya nyumba haipokei mistari tisa. Tofauti ni kwamba sasa naanza kwa kumuuliza mteja anamkumbuka huyo mtu kwa jambo gani. Mmoja alinijibu, "Alikuwa anainamisha kichwa akisikiliza." Pua sikuhangaika nayo sana.

Siku hizi nahangaika na ngalawa. Tanga ni pembetatu, mtumbwi ni upinde mmoja, hivyo havina shida. Shida ni yale matengo mawili ya pembeni na miti inayoyashika: nikiyaweka karibu chombo kinazama, nikiyatanua kinaota miguu. Ninazo ngalawa kumi na nne kwenye daftari na zote zinafanana na panzi. Kesho maji yakijaa nitarudi ufukweni.