Kabla hujalipia chuo cha teknolojia ya upasuaji Marekani

Mshahara ndio huulizwa kwanza, basi tuanze nao. Takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2023 ziliweka mshahara wa kati wa teknolojisti wa upasuaji, yaani anayeandaa vyombo vya operesheni na kumpitishia daktari, kwenye dola 60,610 kwa mwaka, kabla ya kodi. Nyongeza hutokana na zamu za kusubiri kuitwa: ukiwa nyumbani unalipwa dola chache kwa saa, lakini ukiitwa kuingia thieta, hospitali nyingi hulipa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida ya saa. Uliza mapema unapewa dakika ngapi kufika. Ukiambiwa 30 na unakaa mbali, hesabu ya kodi ya nyumba inabadilika.

Masomo huchukua miezi 9 hadi miaka 2. Usikimbilie ada, angalia kwanza kama programu ina ithibati ya CAAHEP au ABHES, mashirika yanayokagua ubora wa programu za afya. Bila hiyo, kwa asiyepitia jeshini, mtihani wa CST, yaani cheti cha teknolojisti wa upasuaji, haruhusiwi kuufanya, na mkopo wa chuo unabaki palepale. Mtihani wenyewe una maswali 175 kwa saa 4, ingawa yanayopewa alama ni 150.

Swali ambalo wengi husahau: chuo kina hospitali za kutosha za mazoezi? Mtaala unadai operesheni 120, yaani 30 za upasuaji wa jumla na 90 za fani nyingine kama mifupa. Katika 80 kati ya hizo lazima uwe skrabu wa kwanza, yaani mhudumu mkuu wa vyombo mezani: uhakiki vifaa, upange meza, uhesabu vifaa na nesi wa mzunguko (asiyevaa mavazi tasa, anayehudumia kutoka nje ya meza), upitishe vyombo. Kushika retrakta, chombo cha kutanua jeraha, tu hakutoshi.

Kwenye kuhesabu, ili kitu kisisahaulike mwilini mwa mgonjwa, ndiko mwanafunzi hujulikana. Shashi ndogo huja 10 kwa pakiti, zile kubwa za tumbo 5. Zitenganishe moja moja, kwa sauti, wewe na nesi wote wawili mkitazama. Pakiti ikitoka na 9, usijazie; itengwe yote, isiingie kwenye hesabu. Wakati wa kufunga, anzia kwenye jeraha, nenda meza ya Mayo (ile ndogo iliyo karibu na mgonjwa), kisha meza ya nyuma (ile kubwa ya vyombo), mwisho vilivyotupwa. Ukirukaruka, sindano moja utaihesabu mara mbili, hesabu itimie, kumbe nyingine imebaki tumboni. Isipotimia, mwambie daktari papo hapo, kabla hajashona ngozi. Msipokiona kinachokosekana, inaitwa eksirei.