Mwacheni Binti Ale Chipsi Zake

Juzi tena. Kikao cha kusomea mswada, walimu wanne na mzazi mmoja, riwaya ya vijana kuhusu binti wa kidato cha pili anayebakwa na mpangaji wa nyumbani kwao. Nikaomba maoni. Mwalimu wa kwanza akazipanga karatasi zake vizuri, akasema: "Kazi nzuri, dada, lakini funzo liko wapi? Hatujaona kosa la huyu binti lilikuwa nini."

Nimehariri riwaya za vijana miaka kumi na kitu sasa, na sentensi hiyo naitambua kabla msemaji hajafungua mdomo. Siku ile nilikunywa maji nikanyamaza. Leo sinyamazi.

Imani yenyewe ni kwamba riwaya ya kijana anayeteseka ni onyo: mhusika anafanya jambo, yanamkuta, msomaji anaona, anajihadhari. Ina ukoo mrefu, najua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mshairi Mwana Kupona alimuusia binti yake kwa utenzi mwaka 1858 na hadi leo tunausoma. Sina ugomvi na mawaidha. Wosia ni wosia. Riwaya ni kitu kingine, na ugomvi wangu ni wa kiufundi tu.

Hadithi ya onyo haitembei bila kosa. Ili guu livunjike, lazima kwanza mtu awe hakusikia. Sasa chukua yanayowapata vijana kweli: kubakwa na mtu wa nyumbani, kipigo cha baba mlevi, nyumba kuchomwa baada ya uchaguzi, kutolewa shule ukaozwe. Kosa la mtoto liko wapi hapo? Halipo. Mwandishi aliyeambiwa lazima pawe na funzo analitafuta, na asipoliona analipanda. Na analipanda palepale kila siku: kwenye chipsi.

Sitanii. Katika miswada inayopita mezani kwangu, binti akila chipsi ukurasa wa 12, ukurasa wa 60 ana mimba. Zikiwa chipsi kuku, ongeza na ukimwi. Zisipokuwepo chipsi kuna lifti ya bodaboda, au simu ya kupangusa ambayo mama anauliza imetoka wapi. Aliyezinunua hizo chipsi anatajwa mara mbili, hana jina, ana shati jeupe, kisha haonekani tena. Yeye hafunzwi kitu.

Halafu mfikirie msomaji. Darasani yumo mmoja ambaye yamemkuta. Hakula cha mtu. Alikuwa kwao, anaosha vyombo. Anasoma kitabu chetu hadi mwisho, na anachotoka nacho ni kwamba yanayompata mtu yana sababu, na sababu ni yeye mwenyewe. Basi anaanza kuitafuta yake. Ataipata tu. Nani akikumbuka vizuri hakosi siku aliyomjibu mkubwa vibaya?

Niwaonyeshe kwa karibu, kwenye mswada huohuo wa juzi, rasimu ya kwanza. Baada ya tukio mwandishi alikuwa ameandika: "Laiti ningemsikia mama!" Nikapiga mstari, nikampigia simu. Mama alimwambia nini? Tukarudi nyuma wote wawili, ukurasa kwa ukurasa. Mama hakusema kitu. Mama ndiye aliyemtuma binti ampelekee mpangaji chai. Ile sentensi ilijipenyeza yenyewe kwa mazoea, kama "hapo zamani za kale". Tulipoifuta, kikabaki kikombe. Binti anarudi nacho jikoni, anakiosha, anakisuuza, anakiosha tena, na mama anauliza kutoka uani kama chai ilikolea sukari. Sikuongeza neno pale. Yote yalikuwa yameandikwa na mwandishi mwenyewe; ni ile laiti iliyoyafunika.

Hapo ndipo huja mtu wa "vitabu vya zamani vilikuwa na maadili." Vipi hivyo? Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971, ikapigwa marufuku shuleni, miaka ikapita, ikaja kuwa kitabu cha kufundishia. Sasa inatajwa kama mfano wa maadili. Tena inafundishwa kwa swali lilelile, Rosa aliponzwa na nini, na mwanafunzi anajibu "tamaa" anapata alama zake. Rudini kwenye sura za mwanzo muone Zakaria, baba yake Rosa, anavyomshughulikia binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana. Kezilahabi alimtazama baba, sisi tukamsahihisha kwa kalamu nyekundu.

Mengine nayapita haraka. Mama wa kambo: apewe likizo, amefanya kazi sana. Mfadhili anayeshuka na gari jeupe sura ya mwisho na kumpeleka mhusika kusoma Ulaya: hapana. Wazazi wote wawili kufa kabla ya ukurasa wa tano ili simulizi ianze: hapana, uvivu. Kuhusu sheria, waandishi, angalieni hadithi yenu iko mwaka gani. Msomaji mmoja wa awali aliwahi kukataa mswada wa binti kuozwa akiwa na miaka 15, eti haiwezekani kisheria. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 ndicho kilichoruhusu. Mahakama Kuu ilikitia dosari 2016 na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Vilevile mwanafunzi mjamzito anayefukuzwa moja kwa moja, mlango umefungwa: kabla ya Novemba 2021 ni sawa, baada ya hapo Serikali ilishatangaza anaweza kurudi, kwa hiyo asiporudi nipe sababu. Ziko nyingi, na nyingine zinauma kuliko ile ya kufukuzwa.

Sasa upande ambao sina uhakika nao.

Miaka michache iliyopita nilipitisha riwaya iliyoishia wazi kabisa. Kijana amepigwa, ametoroka, yuko stendi usiku, mwisho. Nilijivunia ule mwisho. Kisha mwanafunzi mmoja kwenye klabu ya wasomaji akaniuliza, "Halafu akamwambia nani?" Nikamjibu kwa lugha ya fasihi, mambo ya taharuki na nafasi ya msomaji. Akatikisa kichwa kwa adabu. Nimeshindwa kumsahau. Yule hakutaka funzo, wala mwisho mwema. Alitaka kujua kama yupo mtu wa kuambiwa. Tangu hapo kila mswada nauliza: yuko wapi mtu mmoja anayesikiliza? Na tayari naona nimezaa chipsi zangu mwenyewe, maana siku hizi waandishi wananiletea "madamu mwema" katika kila shule, ana miwani, ana sauti ya upole, na hatumwamini hata kidogo.

Nalo la kujiua. Shirika la Afya Duniani linashauri vyombo vya habari visieleze njia iliyotumika, nami naitumia kanuni hiyo kwenye riwaya. Nafuta njia, nabakisha maumivu. Waandishi wawili wamegombana nami kwamba nawalegezea ukweli, na kuna usiku nadhani wana haki. Hata hivyo nafuta. Ukurasa wa mwisho wa kitabu naweka namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, Tanzania na Kenya. Mwandishi mmoja aliiita tangazo la biashara. Acha liwe tangazo.

Turudi kwenye kikao. Mwandishi amenitumia ujumbe: "Wanataka kosa. Niweke?" Nimemwambia asiweke. Tunachobishania sasa ni mama na kile kikombe, kama aje kujua au asijue. Ameandika namna mbili na kila nikisoma moja naipenda nyingine.

Na kwa taarifa ya wajumbe, kuna sura moja tumeiongeza. Binti ananunua chipsi kavu za elfu moja kwa hela yake mwenyewe, anazila na rafiki yake kituo cha daladala, pilipili imezidi, wanacheka mpaka machozi, kisha kila mmoja anapanda gari la kwao.