Elimu kwa Umma: Ukinunua Mchoro wa Lilanga, Hujanunua Hakimiliki

Kila zinapoonyeshwa kazi za George Lilanga, mchoraji na mchongaji wa Kitanzania, maswali huja yale yale: "Mchoro nilionao ni wake kweli?" na "Naweza kuuchapa kwenye fulana?"

La kwanza halijibiwi kwa kutazama mashetani wa michoro yake, wenye masikio mapana na vinywa vikubwa. Hao wamenakiliwa mpaka basi. Lilanga, mzaliwa wa 1934, alianzia kwenye uchongaji wa Kimakonde. Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii Dar es Salaam, alianza kama mlinzi, kisha akachora juu ya ngozi ya mbuzi, akafanya batiki, akatoa chapa, akahamia rangi za kung'aa kwenye hadibodi na turubai, hadi alipofariki 2005. Kwa hiyo kagua kitu chenyewe. Geuza batiki: rangi inatakiwa iwe imepenya hadi nyuma. Ikiwa nyuma imepauka kabisa, hicho ni kitambaa kilichochapwa. Hadibodi iliyokaa miaka mingi huchakaa kwenye pembe. Pembe kali na mgongo msafi ni sababu ya kuuliza zaidi. Sahihi ndiyo rahisi kughushi kuliko vyote. Miaka ya mwisho, akiugua kisukari, alifanya kazi na wasaidizi. Hilo peke yake haliufanyi mchoro kuwa bandia, ila stakabadhi inakuwa na uzito zaidi.

La pili: hapana. Kuuza mchoro wenyewe unaweza, kuunakili huwezi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi kwa uhai wote wa msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, yaani kwa Lilanga hadi 2055. "Msanii alishafariki" si kibali. "Nimeitoa mtandaoni" ndiyo kabisa si kibali. Anayekiuka anaweza kudaiwa fidia, kutozwa faini au kufungwa, na nakala zake kukamatwa.

Kibali kiwe cha maandishi, kikitaja mchoro, bidhaa, idadi ya nakala, eneo, muda na malipo. Kisainiwe na mwenye haki: msimamizi wa mirathi mwenye hati ya mahakama, au aliyekabidhiwa haki hiyo kwa maandishi. Ndugu wa marehemu aliyekukubalia kwa simu hakukupa kitu.

Ukihitaji ushauri, leta picha za mbele, nyuma na kingo nne, vipimo kwa sentimita, na nakala ya stakabadhi. Hatupangi bei. Mchoro wenyewe uache nyumbani; hadibodi ikipigwa kona ndani ya daladala, rangi ngumu iliyozeeka hubanduka vipande.