ftell haipimi faili

Wiki hii nimeletewa tena nikague msimbo wa lugha ya C wenye mistari ile ile ya kutafuta ukubwa wa faili: fungua faili, nenda mwisho kwa fseek, uliza ftell umefika wapi, kisha tenga kumbukumbu ya kiasi hicho. Nilipouliza sababu, kijana aliyeuandika akanijibu, "Lakini kaka, kila mtu anafanya hivi." Ni kweli, na ndicho kinachonichosha.

ftell hueleza mahali msomaji alipofikia ndani ya mkondo, yaani faili lililofunguliwa ili lisomwe. Mkondo ukifunguliwa kama maandishi, kiwango cha C hakiahidi kwamba namba hiyo ni hesabu ya baiti. Inatosha iwe alama ya kukurudisha pale ulipokuwa. Kwa mkondo wa baiti ghafi, kiwango hicho hicho hakilazimishi SEEK_END, agizo la kuiambia fseek iende mwisho, iwe na maana yoyote. Utasema huo ni ubishi wa kimahakama, lakini mashine za namna hiyo zilikuwepo: CP/M, mfumo endeshi wa zamani, ilihesabu urefu wa faili kwa vipande vya baiti 128, hivyo barua ya baiti 130 ilichukua vipande viwili, na mwisho wa maandishi ulitambuliwa kwa alama ya Ctrl-Z.

Kwenye Linux, kwa faili la kawaida, hila hii hukubali, nami nimeitumia zaidi ya mara moja. Kwenye Windows, long, aina ya namba ambayo ftell hurudisha, ina biti 32 hata mashine ikiwa ya biti 64, kwa hiyo faili likizidi baiti 2,147,483,647 ftell haina namba ya kulieleza. Tena faili lenye mistari mitatu ya neno "ndiyo", likihifadhiwa kwa desturi ya Windows ya kufunga kila mstari kwa baiti mbili, lina baiti 21 diskini, ilhali fread, kazi ya C ya kusoma faili, katika hali ya maandishi itakukabidhi 18. Msimbo niliokagua ulilinganisha namba hizo mbili na kutangaza kwamba faili limeharibika.

Basi tumia stat, inayouliza mfumo taarifa za faili, usome st_size, yaani ukubwa wake kwa baiti. Hata hapo, jua unachouliza. Ukitengeneza faili tupu la ukubwa wa gigabaiti moja kwa amri ya truncate -s 1G, st_size itasema 1,073,741,824 wakati diski karibu haijatoa nafasi yoyote. Nafasi iliyotumika huonekana kwenye st_blocks, kwa vipande vya baiti 512. Kinyume chake, /proc/cpuinfo, faili ambalo Linux hulitunga papo hapo kueleza kichakataji, ina st_size ya 0, ingawa cat, amri ya kuonyesha yaliyomo, itakumwagia ukurasa mzima. Programu ya kijana wetu iliposomeshwa faili hilo ilijibu kwa uhakika kabisa: "Faili ni tupu."

Wanaoandika kwa lugha ya Python nao wasicheke. len, yaani urefu, ya maandishi yaliyosomwa huhesabu herufi, wala si baiti. Andika ng'ombe kwa alama iliyonyooka, katika UTF-8, mfumo wa kugeuza herufi kuwa baiti, upate baiti 7. Programu ya kuandikia ikiibadilisha kuwa alama iliyopinda, kama zinavyopenda kufanya bila kuombwa, baiti zinakuwa 9, maana alama hiyo pekee inachukua 3. len itasema 7 mara zote mbili. Nimewahi kupoteza mchana mzima kwa sababu ya ng' moja yenye alama iliyopinda, katika programu iliyotangaza urefu wa ujumbe kwa herufi na kuutuma kwa baiti, hivyo kila ujumbe wenye neno hilo ukafika umekatwa mkia.

Mimi husoma kwa mafungu hadi fread irudishe pungufu ya nilichoomba, kisha nakagua ferror kujua kama kulitokea kosa. Nayo st_size naichukua kama dokezo la ukubwa wa bafa (kumbukumbu ya kupokelea data) ya kuanzia. Njia hii nayo ina udhaifu: faili la matukio ya seva (log) linaloandikwa upesi kuliko ninavyolisoma halina mwisho, na hapo hulazimika kujiwekea kikomo. Kikomo hicho kiwe ukubwa wa faili nilipolifungua, au kiwango cha kumbukumbu ninachoweza kumudu? Nimebadili msimamo mara mbili. Kwa sasa nimeshika cha pili, na msimbo wa kijana nimeurudisha ukiwa na kitanzi mahali pa fseek.