Si Wagiriki wote waliokataa utupu

Imezoeleka kusikia kwamba Wagiriki wa kale hawakuamini kuwepo kwa utupu, yaani nafasi isiyo na kitu chochote ndani yake. Sivyo. Mwanafalsafa Aristotle aliukataa kabisa, na umaarufu wake ukafunika sauti za wengine.

Hoja yake, katika kitabu cha 4 cha andiko lake Fizikia, inastahili kufuatwa kwa makini. Maji yakimiminwa kutoka chomboni, hewa huingia palepale yalipokuwa. Basi mahali si maji wala hewa. Kwake, mahali ni mpaka wa ndani wa kile kinachokizunguka kitu, mpaka usiosogea. Mashua ikichukuliwa na mkondo, mahali pake hasa ni mto mzima. Kwa maana hiyo, mahali pasipo na kitu hapawezekani.

Lakini kabla hajazaliwa, wanafalsafa Leucippus na Democritus walikwisha kufundisha kwamba vilivyopo ni atomi na utupu: pasipo nafasi tupu, hakuna kinachoweza kusogea. Baadaye mwanafalsafa Epicurus akaurithi msimamo huo. Wastoiko, wafuasi wa shule nyingine ya falsafa ya Kigiriki, waliukataa utupu ndani ya ulimwengu, ila nje yake wakaukubali, tena usio na mwisho. Na katika karne ya 6 BK, huko Alexandria, mwanafalsafa John Philoponus alimpinga Aristotle akifafanua kitabu hichohicho: mahali ni nafasi yenye urefu, upana na kina, ingawa daima imejazwa na vitu.